Kipimo cha kukua kinaanza wiki ya kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mwaka wa masomo unapofungwa, tutajuaje kwamba mtoto wa darasa la kwanza au la pili amepiga hatua, na yeye mwenyewe ashirikishwe vipi kuutazama mwaka wake? Nafundisha madarasa hayo, na jibu langu ni kwamba mtoto apimwe kwa mwanzo wake mwenyewe. Mwalimu asiyetunza kazi za wiki za kwanza hana cha kuzilinganishia zile za mwisho, hata mtihani wake wa kufunga mwaka uwe mzuri namna gani.

Mtihani huo unaonyesha mtoto yuko wapi siku ile. Hauonyeshi alikotoka. Aliyepata alama 80 huenda alikuja shuleni akiwa anasoma tayari, na mwaka mzima umemwongezea kidogo tu. Aliyepata 45 huenda alikuja hajui hata kushika penseli. Tukiwapanga kwa nafasi, mambo yanazidi kufichika. Darasa zima linaweza kusonga mbele na kila mtoto akabaki kwenye nafasi yake ya mwanzo, na wa mwisho lazima awepo. Isitoshe, watoto wa darasa moja wanaweza kupishana umri kwa karibu miezi 12. Kwa mtoto wa miaka 6, hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Kwa kiasi fulani basi, nafasi za darasa la kwanza zinawapanga watoto kwa tarehe za kuzaliwa, kisha tunamrudisha mmoja wao nyumbani akiamini kwamba hana akili. Jambo hili linaniumiza, na sioni linamsaidia nani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni imla. Maneno machache, yaleyale, yanasomwa mwanzoni mwa mwaka, katikati na mwishoni, bila watoto kuyakariri, na karatasi zote zinatunzwa zikiwa na tarehe. Chukua neno mwanafunzi. Mwanzoni mtoto anaandika “anafuzi”. Katikati anaandika “manafuzi”. Mwishoni anaandika “mwanafuzi”. Ukisahihisha kwa vema na kosa, amekosa mara zote: sifuri, sifuri, sifuri. Ziweke karatasi hizo pamoja mezani, utaona kwamba kwanza mwanzo wa neno ulimpita, baadaye akaikamata m, kisha akaijua mw, na kilichobaki ni ile n iliyotangulia z. Na n ya aina hiyo huwachelewea wengi. Ndiyo maana tunakutana na “kitada” kwa kitanda, “shaba” kwa shamba, “kweda” kwa kwenda. Charles Read wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1971 utafiti wake juu ya jinsi watoto wadogo wanavyojiandikia maneno kwa kufuata sikio, aliona jambo hilohilo kwa watoto wa Kiingereza: m na n zikitangulia konsonanti nyingine, huachwa. Kwa hiyo mtoto huyo si mzembe, anasikiliza kwa bidii na sikio lake bado linajifunza kupambanua. Mwalimu akiliona hilo, anajua la kufundisha kesho. Alama ya sifuri haimwambii chochote.

Kwa upande wa kusoma, Marie Clay, mtafiti wa usomaji wa watoto kutoka New Zealand, alituachia njia isiyohitaji zaidi ya kitabu, karatasi na penseli. Mtoto anasoma kwa sauti, mwalimu anatia alama kwa kila neno alilolipata, alilolikosea, na alilolikosea kisha akajirekebisha. Akipata maneno 95 au zaidi katika kila 100, kitabu ni chepesi kwake. Kati ya 90 na 94, kinafaa kumfundishia. Chini ya 90, kinamlemea. Mwisho wa mwaka ninachotafuta ni kujua kama kitabu kilichokuwa kikimlemea sasa kimekuwa chepesi, na kama anajirekebisha bila kuambiwa. Huko kujirekebisha nakuthamini sana, maana kunaonyesha kwamba anasoma huku akisikiliza kama kinachotoka kinaleta maana.

Lakini sisi tunaofundisha kusoma kwa Kiswahili tusiishie hapo. Maandishi yetu yanafuata matamshi kwa karibu sana, kwa hiyo mtoto akishazimudu silabi anaweza kutiririka ukurasa mzima na asiambulie kitu. Neno moja kama alimnunulia limebeba aliyenunua, aliyenunuliwa na wakati wa kununua. Mtoto anaweza kulitamka bila kuteleza na asijue nani alimnunulia nani. Basi mwambie afunge kitabu asimulie, na uandike alichosimulia kwa maneno yake. Msimulizi wa mwanzo wa mwaka hukupa tukio moja, mara nyingi la mwisho. Miezi kadhaa baadaye mtoto huyohuyo anakupa chanzo na matokeo, na pengine anakuuliza kwa nini mhusika alifanya vile.

Kwenye hesabu nitasema machache. Watoto wawili wameandika kwamba 8 na 5 ni 13, wote vema. Mmoja amehesabu vijiti vyote tangu 1. Mwingine ameanza na 8 akaendelea: 9, 10, 11, 12, 13. Wako mbali sana hawa wawili, na karatasi haikuonyeshi. Swali “umepataje?” ndilo kipimo.

Sasa mtoto mwenyewe. Ukimuuliza wa miaka 6 au 7 amejifunza nini mwaka huu, atakujibu “kusoma”, au atatazama uso wako akitafuta jibu unalolitaka. Si kosa lake. Mwaka ni mrefu mno kuukumbuka kwa mpigo. Mpe karatasi yake ya kwanza na ya mwisho, azishike mwenyewe, kisha umuulize anaona nini. Wengine hawaamini kwamba ile ya kwanza ni yao, wanageuza nyuma kuangalia jina. Baada ya hapo maneno huja yenyewe: “Zamani nilikuwa naandika kubwakubwa”, “Hapa sikuweka nafasi”. Muulize pia ni kipi bado kinamsumbua na angependa asaidiwe vipi. Asiyeweza kuandika jibu achore au aseme, na mwalimu aandike alichosema bila kukirembesha. Hilo kwangu ndilo tathmini ya mwaka, na mzazi akiwepo wakati mtoto anaeleza, ni bora zaidi.

Kuhusu ripoti, naomba maelezo yachukue nafasi ya namba kwa umri huu. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita: waliopewa maoni tu kuhusu kazi zao waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kuliko hata waliopewa alama pamoja na maoni. Hao walikuwa wakubwa kuliko wangu, lakini ninaloliona darasani linafanana: namba ikiwepo, macho ya mzazi na mtoto huenda kwenye namba. Sentensi iseme kilichoonekana. “Sasa anamaliza hadithi fupi peke yake na kuisimulia” ina faida. “Anajitahidi” haina.

Naogopa zaidi neno hilo linapotumika kufunika karatasi ambazo hazikubadilika. Ikiwa imla ya mwisho inafanana na ya kwanza, mzazi aambiwe waziwazi na kwa upole, na tuanze kutafuta sababu: macho yapimwe, masikio yapimwe, tuulize kama lugha ya darasani ndiyo anayoizungumza nyumbani, tuangalie siku alizokosa shule. Kulinyamazia jambo hilo kwa kuogopa kumhuzunisha mzazi ni kumwacha mtoto apande darasa na mzigo wake.

Najua wapo watakaosema darasa ni kubwa na muda hautoshi. Ni kweli, na sipendekezi kutunza kila daftari. Imla wanaandika wote kwa pamoja. Kusoma wanasikilizwa wachache kila siku wenzao wakiwa na kazi nyingine. Kwa kila mtoto zinatosha karatasi tatu za imla, kumbukumbu za kusoma na kusimulia, na mchoro mmoja wenye maneno yake, ndani ya jalada moja.

Jalada hilo lisiishie kabatini. Nakala iende nyumbani, na lenyewe akabidhiwe mwalimu wa darasa linalofuata kabla ya likizo. Wiki ya kwanza ya muhula mpya arudie imla ileile, kwa kuwa likizo ndefu hupunguza baadhi ya yaliyokuwa yameshika, na hapo ataona aanzie wapi na kila mtoto.