U.T.I Isiyosikia Dawa: Otesha Mkojo Kwanza

Msomaji kaniandikia: hii ni U.T.I yake ya tatu tangu Januari. Keshameza ciprofloxacin mara mbili, kachomwa ceftriaxone siku tano, na bado akikojoa anaungua. Anauliza dawa kali zaidi ni ipi. Dada yangu, kwa mtindo huo tutazimaliza zote. Mpaka leo hakuna aliyemtambua mdudu anayekusumbua.

Kipimo cha haraka, cha karatasi ya kuchovya au hadubini, huonyesha usaha na dalili nyingine, hakisemi dawa gani inamuua mdudu. Kinachosema ni kuotesha mkojo, yaani maabara kuwakuza bakteria waliomo hadi waonekane. Mnaonicheka kwamba nimekuwa mwalimu wa makopo, chekeni, ila kopo ndilo linaloharibu majibu.

Chukua kopo safi la maabara, si chupa ya maji uliyoisuuza. Toa mkojo kabla ya kugusa antibayotiki. Vidonge viwili tu vya masalia ya kabatini vinaweza kuzuia bakteria wasiote, ukaambiwa huna kitu. Mkojo wa asubuhi ni bora. Nawa mikono, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, mililita 10 hadi 20, bila kugusa ndani ya kopo. Ufike maabara ndani ya saa 2. Ikishindikana, weka kwenye friji, mwisho saa 24. Kopo likizunguka na daladala mkobani, bakteria wa ngozi huzaliana humo, na majibu yanarudi "mchanganyiko wa bakteria". Hiyo ni sampuli mbovu. Rudia, usitibiwe kwayo.

Bakteria wakiota, hupakwa kwenye kisahani na kuwekewa vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa. Kesho yake kisahani kimefunikwa na ukungu wa bakteria, isipokuwa duara tupu kuzunguka dawa inayowazuia. S ni dawa inayofaa, R imeshindwa. Usishindanishe ukubwa wa maduara: kwa E. coli, bakteria anayeleta U.T.I nyingi, milimita 20 za nitrofurantoin zinafaa, 20 hizohizo za ciprofloxacin ni R.

Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Nitrofurantoin ikiwa S na maambukizi ni ya kibofu, mwulize daktari kuhusu hiyo: kwa kawaida siku 5, pamoja na chakula, na mkojo kuwa kahawia kusikutishe. Kwa maambukizi ya figo haifai. WHO imeiweka kwenye kundi la dawa za kuanza nazo. Ciprofloxacin na ceftriaxone zipo kundi la tahadhari, ingawa dukani ndizo zinazotangulia.

Ukiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu au mimba, usisubiri siku hizo. Nenda hospitali, toa mkojo, anza dawa siku hiyohiyo. Majibu yakitoka daktari atabadilisha ikibidi.

Dalili zikiisha, usirudi kupima "kuhakikisha" kama huna mimba. Bakteria wakiota bila dalili hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.