Kasa huzaa mayai au hutaga mayai?

Swali: Naandika maelezo ya Kiswahili ya filamu za wanyama. Niliandika "kobe wa baharini huzaa mayai 100", mhariri akafuta "huzaa" akaweka "hutaga". Kwenye papa nikajihami mapema, nikaandika "hutaga", akafuta tena! Hapendi pia "panya mmoja huzaliana haraka" wala "mkakati wa uzazi wa tembo". Je, ananionea?

Jibu: Hakuonei, ila kwenye hilo la mwisho nitakutetea kidogo. Na kabla hatujafika mbali: huyo si kobe. Kobe ni wa nchi kavu, wa baharini ni kasa.

Kitenzi hakifuati jina la mnyama, kinafuata kinachomtoka. Likitoka yai, ametaga. Akitoka mtoto, amezaa. Ndiyo maana papa wamekuponza: wapo wanaotaga na wapo wanaozaa, kwa hiyo taja kwanza ni papa gani.

Wadudu nao wana mitego yao. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o, ambaye naye ni nzi, hubeba mimba. Yai moja huanguliwa humo humo tumboni, buu akalishwa majimaji yanayofanana na maziwa, na baada ya siku 9 au 10 hivi mama humzaa, uzito wake ukikaribia wa mama mwenyewe. Buu hujichimbia udongoni, na mama huanza kumlea mwingine tumboni. Ukiandika "mbung'o hutaga" umekosa lugha na baiolojia kwa pamoja. Ila usiandike "mbung'o mjamzito amejifungua". Ujauzito na kujifungua ni maneno ya binadamu. Mnyama ana mimba, kisha anazaa.

Kutaga nako kusichanganywe na kuatamia wala kuangua. Kekeo hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine na kwenda zake. Mwenye kiota ndiye anayeatamia, ndiye anayeangua, na ndiye anayelisha kinda lisilo lake. Kasa naye hufukia mayai mchangani na kurudi baharini, kwa hiyo "kasa ameangua" haisemeki. Sema watoto wa kasa wameanguliwa. Ukitaka kutania, aliyeatamia ni mchanga.

Kuzaliana ni kwa wengi. Kiambishi -an- kinadai wenzi, kama kupigana na kupendana. Panya mmoja huzaa; panya huzaliana. Hapo ndipo neno linapofaa kulinganisha viumbe: mimba ya panya ni kama wiki 3, ya tembo ni kama miezi 22 na mara nyingi hutoka ndama mmoja, kwa hiyo panya huzaliana upesi na tembo huzaliana taratibu. Ukisema "tembo huzaa taratibu", msomaji atadhani unazungumzia uchungu wa kuzaa.

Tuje kwenye "mkakati". Mhariri anahofia kwamba mkakati hupangwa, na tembo hakukaa kikao. Hofu yake ina msingi, lakini wanabiolojia wamekwishalizoea neno hili kwa maana ya njia ambayo uteuzi asilia, yaani mchujo wa maumbile unaobakiza tabia zinazofaa, umeiacha ibaki: kuzaa wengi na kuwaacha, au wachache na kuwalea. Wahenga walikuwa na lao, kuzaa si kazi, kazi kulea, ingawa kasa angebisha. Kwa filamu ya watu wote mimi ningeandika "mwenendo wa uzazi"; kwa kitabu cha sayansi ningeacha "mkakati" bila wasiwasi.

Na ukifika kwenye samaki samoni wa Pasifiki, wanaotaga kwa msimu mmoja kisha wakafa, usihangaike kutafuta istilahi ndefu. Andika kwamba uzao wao wa kwanza ndio huohuo wa mwisho: kifunguamimba na kitindamimba wa msimu mmoja. Nadhani hiyo mhariri ataiacha.