Ufunguo wa kabati uko kwa nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu manusura wa ubakaji kambini

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu wanaoishi au kufanya kazi kwenye kambi za wakimbizi: Kasulu, Kibondo, Kakuma, na machache kutoka Kivu. Nimeyafupisha. Wanaoniandikia habari za mtu aliyebakwa wakaweka jina lake, namba ya nyumba na jina la mumewe, naomba mwache kabisa. Mnamvua nguo mara ya pili.

Sista, manusura aanzie polisi au hospitali? (Wengi wenu)

Hospitali. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, na kinachoniuma ni kwamba bado linatoka kwa watumishi wa afya. Mwananchi akiuliza namwelewa. Wewe uliyevaa sare unamrudishaje mtu anayevuja damu akalete PF3, ile fomu ya polisi? Karatasi hiyo, kama ilivyo P3 kule Kenya, ni ya safari ya mahakamani. Haikuwekwa iwe tiketi ya kumwona tabibu. Virusi havisubiri muhuri. Mtibu kwanza. Akitaka kwenda polisi, mtafutie mtu wa kumsindikiza. Asipotaka, uamuzi ni wake na huduma haipungui hata kidonge kimoja. Kwa mtoto, huenda sheria ya nchi inakudai utoe taarifa. Mwambie yeye na mlezi wake hilo kabla hajaanza kueleza, wasije wakalisikia baadaye.

Shirika letu limepata fedha za kujenga hema maalumu la manusura. Tulijenge karibu na zahanati au mbali nayo? (Ofisa mradi, Kibondo)

Msilijenge.

Kambini kila mtu anajua kila hema ni la nini. Kuna la mgao, la lishe, na mkishalisimamisha lenu kutakuwa na "la wale". Mama akiingia humo saa nne asubuhi, saa sita habari zake ziko kwenye foleni ya maji. Ubao mtakaoupaka rangi kwa fedha za mfadhili utawatangaza wagonjwa wenu. Na mradi ukiisha, hema linafungwa na ujuzi wote unaondoka na gari.

Hebu chukua kalamu uandike anachohitaji mtu aliyebakwa, halafu uingie zahanati yenu ukague rafu. Dawa za kinga ya VVU ni tenofovia, lamivudini na dolutegravia, zile zile wanazomeza wagonjwa wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ila huyu anazimeza kwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba kwa dharura, hizo P2 za mtaani, viko chumba cha uzazi wa mpango. Dawa za kisonono na klamidia ziko OPD, kwa wagonjwa wa nje. Sindano ya pepopunda ipo. Labda mtakosa chanjo ya homa ya ini ya watu wazima, na hiyo inaagizwa. Hakuna kinachodai daktari bingwa. Nesi au mkunga aliyefundishwa anaifanya kazi hii mwanzo hadi mwisho, na kumpa rufaa yule tu mwenye majeraha makubwa.

Nitawaambia nilikojifunzia. Miaka kadhaa nyuma, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama Ijumaa jioni na mzigo wa kuni umefungwa kwa kanga. Hakuutua. Alimweleza mlinzi. Akamweleza dada wa mapokezi. Akamweleza karani, kwa sababu daftari lilikuwa na safu ya "sababu ya kuja". Kisha akanieleza mimi, na kuni bado ziko kichwani. Kabati la dawa za manusura lilikuwa na kioo, visanduku tunaviona. Ufunguo ulikuwa kwa mratibu wa mradi, na mratibu alishapanda gari la saa tisa kwenda mjini hadi Jumatatu. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni ni saa 72, na hapo ndipo mlango wa kinga ya VVU unapofungwa. Saa mbili usiku tulivunja kufuli kwa nondo. Nikapewa barua ya onyo.

Barua haikuniuma sana. Kilichoniuma nilikigundua baadaye: dawa zile zile zilikuwa kwenye rafu ya CTC, hatua kama ishirini kutoka pale, na hakuna aliyewahi kutuambia kuwa ni zile zile. Tulikuwa tumefundishwa kwamba manusura ni "wa mradi".

Najua mtanitajia Panzi kama hospitali maalumu ya manusura. Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, ni hospitali ya watu wote, na tangu mwanzo ilikusudiwa akina mama wa kujifungua. Manusura anapita geti lile lile anakopita mjamzito na mwenye malaria. Ndani atakuta tiba, mtu wa saikolojia, mwanasheria na msaada wa kuanza maisha, lakini getini ni mgonjwa kama wengine. Hilo ndilo la kuiga. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka peke yao walihudumia zaidi ya manusura 25,000 nchini Congo, yaani zaidi ya wawili kila saa, usiku na mchana. Hesabu hiyo haibebwi na mahema.

Fedha zenu ziwekeni kwenye mlango unaofungwa kwa ndani, pazia, taa ya sola ya usiku, mafunzo kwa manesi wa zamu zote, na mshahara wa mshauri ambaye mradi ukiisha atabaki.

Amekuja siku ya sita. Nimwambieje kuwa amechelewa? (Tabibu, Kasulu)

Usimwambie. Kilichopita ni vitu viwili: kinga ya VVU, saa 72, na kuzuia mimba, saa 120 kwa vidonge na hata kwa kitanzi cha shaba. Basi. Magonjwa ya zinaa unayatibu leo. Chanjo ya homa ya ini B inafaa ianze ndani ya siku 14, na yeye yuko siku ya sita. Majeraha yapo, kipimo cha mimba kipo, VVU anapimwa sasa na tena baada ya miezi mitatu, na usingizi uliomkimbia unahitaji mtu wa kumsikiliza. Neno "umechelewa" likitoka kinywani mwako, hatarudi, na jirani yake atakayebakwa mwezi ujao hatakuja kabisa.

Na kwa anayewahi: mpe dozi yote ya siku 28 siku ile ile. Shirika la Afya Duniani lilishashauri hivyo tangu 2014. Acheni kumpa vidonge vya wiki moja kisha mseme arudi, kana kwamba kila mtu anaruhusiwa kutoka nyumbani mara mbili bila kuulizwa. Wala msikatae kuanza dawa eti hajakubali kupimwa.

Daktari wetu bado anapima bikira kwa vidole ili "kuthibitisha". (Muuguzi, Kakuma)

Akome. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kipimo hicho kikomeshwe kila mahali, kwa sababu hakina msingi wa kisayansi na ni kumdhalilisha mtu upya. Hakuna kitu kwenye mwili wa mwanamke kinachoonyesha kama ameshawahi kufanya ngono. Andika ulichokiona na alichokueleza kwa maneno yake, basi.

Ni mume wake ndiye aliyemlazimisha. Huo nao tuuandike kama ubakaji? (Mkunga, Kasulu)

Ndiyo, ila uliza kwanza kama nyumbani anakorudi ni salama, na kadi usimpe aende nayo.

Stoo yetu ina sanduku namba 3 la vifaa vya dharura vya afya ya uzazi. Linakaribia kuisha muda na halijaguswa. Je, ni ishara kuwa hapa hakuna ubakaji? (Mtunza stoo, Kakuma)

Ni ishara kuwa hakuna anayejua lipo. Ndugu yangu, umeniuliza swali zuri kuliko wengi, kwa sababu wakubwa huwa wanasoma rejista tupu wanashangilia. Sanduku namba 3 ndilo la huduma baada ya ubakaji, na kipimo chake ni watu 10,000 kwa miezi mitatu. Limetengenezwa kwa wiki za kwanza za dharura, wakati barabara imekatika na bohari haifikiki. Utaratibu wa huduma za awali za afya ya uzazi kwenye dharura unataka matibabu haya yawepo tangu siku za mwanzo bila kusubiri ushahidi kwamba kuna waliobakwa. Chukulia wapo. Fungua sanduku, gawa dawa kwenye rafu za kawaida, na kuanzia robo ijayo ziagize pamoja na panadol na dawa za malaria. Msaada wa Marekani uliposimamishwa ghafla Januari 2025, tuliona jinsi dawa zilizotegemea mfuko mmoja zinavyokauka. Anayeagiza kwa njia ya kawaida naye anaweza kupungukiwa, lakini walau ana njia.

Shikamoo Sista. Tulipokimbia kwetu mke wangu alibakwa na wenye silaha. Sasa ni miaka miwili. Hajaenda hospitali, halali, nikimuuliza ananyamaza. Nifanyeje? (Mume, Nyarugusu)

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza ukiwa upande wake, na wanaume wa hivyo sijawapata wengi.

Acha kumuuliza kilichotokea. Akitaka atakueleza, na asipotaka kamwe, bado mnaweza kuishi vizuri. Mwambie unamwamini, hakukosa kitu, na hospitali bado ina cha kumpa hata leo. Nendeni wote mpime VVU na kaswende. Kama ana maumivu ya tumbo la chini au mkojo unamtoka bila kujizuia, amweleze daktari. Hilo la pili laweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula inafanyiwa upasuaji. Mapokezi semeni mmekuja kupima afya. Hawana haja ya kujua zaidi. Mlango wa daktari mwache aingie peke yake akipenda.

Kuhusu usingizi: kuna utafiti wa Kivu uliochapishwa 2013, wanawake kama mke wako, vijijini kabisa, walikaa kwenye vikundi vya tiba ya mazungumzo vilivyoongozwa na wahudumu wa jamii waliofundishwa, wala si madaktari. Walipata nafuu kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Uliza kambini kama kikundi cha namna hiyo kipo.

Na wewe? Ulikuwepo siku ile. Kama ulilazimishwa kutazama, au nawe ulifanyiwa, dawa zipo na kikundi kipo. Wanaume wanabakwa vitani, na wanakaa kimya mpaka ugonjwa unawaseme­a.

Binti yangu ana miaka 15. Wazee wa baraza wanasema kijana alipe mbuzi wawili, kisha amuoe. (Mama, hakutaja mahali)

Hapana, mama. Mpeleke zahanati leo, kabla ya kikao. Baraza likikaa siku tatu, saa 72 za kinga zimekwisha huku watu wanahesabu mbuzi. Wazee hao nawaheshimu kwa mengine yote. Kwa hili wanamkabidhi mtoto kwa mtu aliyemwumiza.

Ana mimba ya wiki nane ya ubakaji na haitaki. Wakubwa wangu wanasema sheria ya Congo hairuhusu. (Mkunga, Kivu ya Kusini)

Wakasome gazeti rasmi la serikali yao la Machi 2018. Congo ilichapisha humo Itifaki ya Maputo ya 2003, na ibara ya 14 inaruhusu mimba kutolewa kitabibu ikiwa imetokana na ubakaji. Walio Kenya msinakili jibu hili, nchi yenu iliweka pingamizi kwenye kipengele hicho ilipoidhinisha itifaki. Mweleze njia zote, kuzaa kukiwemo, kisha unyamaze aamue mwenyewe. Wala usimpeleke kwa mtu wa vichochoroni kwa kuogopa bosi wako.

Sisi wahudumu wa afya ya jamii tumeambiwa tupite nyumba kwa nyumba kuuliza nani alibakwa. (Kibondo)

Kataeni. Pite­ni mkiwaambia watu wote, wanawake kwa wanaume, kwamba huduma ipo, ni bure, ni ya siri, na kuwahi ndani ya siku tatu kunasaidia zaidi. Mwenye shida atakuja kwa miguu yake.

Niko zamu ya usiku peke yangu. Akija, nianze na nini? (Nesi mpya, Kasulu)

Mtoe kwenye benchi, mwingize ndani, funga mlango. Mwambie jina lako. Muulize kama ana maumivu na kama anavuja damu, halafu lini ilitokea, kwa saa. Kabla ya kumgusa popote mwombe ridhaa, na akisema basi, acha hapo hapo. P2 na dozi ya kwanza ya kinga azimeze mbele yako. Akitapika kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu amezе, rudia P2. Sababu ya kuja andika "matibabu", maelezo yake weka kwenye faili linalofungiwa.

Na leo mchana, kabla zamu haijaanza, muulize msimamizi wako ufunguo wa kabati la dawa hizi uko kwa nani. Uwe kwenye mfuko wa nesi wa zamu, na kila makabidhiano uandikwe kwenye daftari pamoja na ufunguo wa dawa za usingizi.