Video za harusi zimo kwenye NAS, TV ya sebuleni haizioni: majibu ya maswali yenu

Maswali yaliyoingia mwezi huu karibu yote yanaelekea upande mmoja. Watu wamenunua NAS, yaani kile kisanduku chenye diski moja au mbili kinachochomekwa kwenye ruta ili kila kifaa cha nyumbani kisome mafaili yake. Wamekijaza video za harusi, ubatizo na maulidi, wamekaa mbele ya TV na rimoti mkononi, na hakuna kinachocheza. Nimechagua yanayogusa wengi, marefu nimeyafupisha.

Nikitazama video kutoka kwenye NAS, bando langu linaliwa? (Msomaji, Morogoro)

Haliliwi. Video inatoka kwenye NAS, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV, na safari yote hiyo ni ya ndani ya nyumba. Hata bando likikuishia leo jioni, ruta ikiwa imewaka utatazama kama kawaida. Kinachochota bando ni mambo ya pembeni: programu kupakua picha za majalada ya filamu, TV kujisasisha, au NAS uliyoiwekea mpangilio wa kupeleka nakala mtandaoni. Huyo wa mwisho ndiye mlaji hasa. Mzime kama hukumkusudia. Ukitumia Plex, programu ya kupanga video za NAS na kuzirusha kwenye TV, inataka uwe na akaunti na uingie kupitia intaneti. Jellyfin, programu ya kazi hiyohiyo, haidai hayo, na ni ya bure. Kwa nyumba ya kuunga vocha kila wiki, mimi naelekeza Jellyfin bila kusita.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nina DVD zipatazo sitini, nyingi za harusi za watoto na wajukuu. Kijana wa dukani anasema lazima azibane ziwe MP4 ndogo ndogo ndipo ziingie kwenye NAS. Nimwachie? (Mwalimu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Usimwachie kwanza.

Tupige hesabu. DVD moja ya kawaida ya kuchomwa inabeba gigabaiti 4.7. Zidisha kwa sitini, hata kama zote zimejaa pomoni, unapata 282. Diski ya terabaiti moja inazimeza zote na zaidi ya nusu yake inabaki tupu. Sasa kubana ni kwa faida ya nani? Picha ile ilikwisha kubanwa mara moja ilipoingia kwenye DVD, na kila inapobanwa tena inapoteza kitu: maua ya kanga yanakuwa ukungu, nyuso za waliokaa nyuma zinafutika. Kuna na hili ambalo vijana wa dukani wengi huliruka. Video za zamani za huku kwetu ni za mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, na kila picha imekatwa mistari katika nusu mbili zinazopishana. Ukibana bila kuwasha chaguo la kuziunganisha nusu hizo, kila kinachokwenda kasi kinaota meno kama ya kitana. Mtazame mpiga ngoma kwenye video iliyobanwa vibaya: mwili umetulia vizuri, mikono yote mistari. Kosa hilo likishaingia kwenye faili halitoki.

Fanya hivi. Ukiifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti moja moja. Ukiyanakili yalivyo, TV itadhani kila kipande ni video ya peke yake, na harusi itakatika katikati ya ndoa kabla bwana harusi hajajibu. Programu ya MakeMKV, ambayo kwa DVD ni ya bure, inaviunga vipande hivyo kuwa faili moja la MKV bila kuigusa picha. Kama laptopu haina mahali pa DVD, nunua kisomeo cha nje cha kuchomeka kwa USB.

Anza na DVD kongwe kuliko zote na zile zilizokaa karibu na dirisha, maana rangi inayoshika data kwenye DVD za kuchomwa huharibiwa na mwanga na joto. Ikikwama, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikikataa bado, jaribu kisomeo kingine kabla ya kuitupa. Kisomeo kimoja hushindwa pale mwenzake anaposoma.

Na majina: anza na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio, kwa mfano 1998-08 Harusi Pangani. Yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Kwenye Jellyfin au Plex yaweke katika maktaba ya video za nyumbani, si ya filamu. Ukiyaweka kwenye filamu, programu itakwenda mtandaoni kutafuta jina linalofanana, na unaweza kukuta ndoa ya mjukuu wako imebandikwa picha ya mwigizaji wa Marekani ameshika bastola.

Laptopu inaiona NAS vizuri kabisa, TV haiioni. Zote ziko nyumba moja. (Msomaji, Mombasa)

Laptopu na TV hupitia milango tofauti. Laptopu inasoma folda za NAS kwa njia iitwayo SMB. TV nyingi hazijui SMB, zinategemea DLNA, na kwenye NAS nyingi DLNA ni huduma ya peke yake ambayo lazima uiwashe, kisha uiambie ni folda zipi izitangaze. Ingia kwenye mipangilio ya NAS, tafuta sehemu ya DLNA au seva ya video, uiwashe.

Bado haionekani? Angalia namba za anwani. Ya TV utaikuta kwenye mipangilio ya mtandao, ya NAS utaikuta kwenye ukurasa wake. Kama moja inaanza na 192.168.1 na nyingine 192.168.0, basi una mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Hutokea sana mtu anapoongeza ruta yake nyuma ya ile ya kampuni ya intaneti. NAS hujitangaza ndani ya mtandao wake tu, na tangazo hilo halivuki ruta. Weka ile ruta ya pili kwenye hali ya AP, yaani itoe Wi-Fi tu bila kuunda mtandao wake, zitakuwa mtandao mmoja. Na kama TV umeiunga kwenye Wi-Fi ya wageni, iondoe huko. Wi-Fi hiyo imetengenezwa makusudi ili mgeni asione vitu vya mwenye nyumba.

Video nyingine zinacheza bila sauti, nyingine zinaandika kwamba muundo haukubaliki. Simu yangu inazicheza zote. TV ni mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Si mbovu, ina ujuzi mdogo kuliko simu. Jina la faili, iwe MKV au MP4, ni mfuko tu. Ndani ya mfuko mna picha iliyobanwa kwa namna moja na sauti iliyobanwa kwa namna nyingine, na TV inapaswa kuzijua zote mbili. Picha ikiwapo na sauti haipo, mara nyingi sauti ni ya DTS. Samsung kwa mfano iliiondoa DTS kwenye TV zake kuanzia za mwaka 2018. Na video za iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, zinaweza kuwa za H.265, ambayo TV ya zamani haiijui. Kwa zile utakazopiga kuanzia leo, nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible.

Kwa zilizokwisha kupigwa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia Jellyfin au Plex iligeuze faili papo hapo wakati unatazama. Inapendeza kuisikia, lakini kazi hiyo inataka prosesa yenye misuli, na NAS za bei nafuu hazina. Utaona picha sekunde kumi, duara linazunguka, picha sekunde kumi. Ya pili ndiyo ninayoipenda: nunua kisanduku kidogo cha Android TV, kichomeke kwenye HDMI, uweke Kodi au VLC. Programu hizo zinasoma karibu kila kitu, tena zinajua SMB, hivyo hata DLNA huihitaji. NAS inabaki na kazi ya kutoa faili kama lilivyo, kazi ambayo hata NAS dhaifu inaiweza.

Kaka, YouTube ya 4K haikwami hata kidogo. Filamu zangu za 4K kutoka NAS, hapo hapo chumba cha pili, nayo iko kwenye Wi-Fi, zinakwama. Nimeishiwa maarifa. (Msomaji, Nairobi)

YouTube inabana picha sana, halafu mtandao ukilegea inashusha ubora kimyakimya. Faili lako halishuki. Linataka kasi yake ama linakwama. Video ya DVD haizidi megabiti 10 kwa sekunde. Blu-ray inafika 54. Diski ya 4K inaweza kufika 128. Kwa hiyo Wi-Fi inayoshinda na harusi siku nzima inaweza kuangushwa na filamu moja.

Umeandika kwamba NAS nayo iko kwenye Wi-Fi. Hapo ndipo pa kuanzia. Video inaruka kutoka NAS kwenda kwenye ruta, kisha inaruka tena kutoka ruta kwenda kwenye TV, yaani kila picha inapita hewani mara mbili, tena kwa zamu, maana ni hewa ileile. Chomeka NAS kwa waya kwenye ruta na umeondoa nusu ya mzigo kabla hujatumia pesa nyingine. Kisha ihamishie TV kwenye Wi-Fi ya 5 GHz. Ile ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la fleti unagawana hizo na majirani wote.

Ukitaka kuvuta waya hadi kwenye TV pia, vuta, ila ujue jambo ambalo wauza TV hawalisemi: tundu la waya kwenye TV nyingi, hata za bei kubwa, ni la megabiti 100 tu. Kwa filamu nzito za 4K, 5 GHz iliyo karibu inaweza kulishinda. Na waya wenyewe ukague. Ndani yake mna nyaya nane, na kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1,000, inazitaka zote. Uliobanwa ovyo, wenye nyaya nne tu zinazofanya kazi, utaunganisha vizuri na taa itawaka, lakini kwa megabiti 100. Fundi akimaliza, mwambie aipime gigabiti mbele yako kabla hujamlipa.

Lazima ninunue NAS? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Kama ruta yako ina tundu la USB, nyingi zinaweza kutangaza diski ya nje kwa DLNA. Laptopu ya zamani yenye Jellyfin inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na kama ni TV moja na video chache, chomeka flashi kwenye TV. Kumbuka tu kwamba flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Ifomati exFAT kama TV inaijua.

Umeme kwetu unakatika bila kubisha hodi. NAS yangu ina diski mbili zinazofanana, RAID 1. Niko salama? (Msomaji, Mwanza)

Diski moja ikifa, ndiyo, maana RAID 1 huandika kila kitu kwenye zote mbili. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, hapana, kwa sababu inafutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Mwizi akibeba kisanduku anabeba zote mbili vilevile. Nunua diski ya nje ya kawaida, nakili video zote, ukaiweke kwa ndugu mtaa mwingine.

Kuhusu umeme, weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, na ichague yenye waya wa USB wa kuunga kwenye NAS. Waya huo ndio unaoiambia NAS kwamba umeme umekatika na betri inaelekea kuisha, nayo ikajizima kwa utaratibu. UPS isiyo na waya huo inakupa dakika chache tu, na kama hupo nyumbani hazikusaidii.

Dada yangu yuko Muscat, anataka kutazama video za nyumbani zilizo kwenye NAS yangu hapa Unguja. Fundi amesema afungue mlango kwenye ruta. (Msomaji, Zanzibar)

Mwambie aache. Kufungua mlango (port) ni kuruhusu watu wa intaneti waifikie NAS, na ule wa SMB, namba 445, usifunguliwe kwa dunia kabisa. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilienea kwa kupitia udhaifu wa SMB. Isitoshe, kama intaneti yako ni ya laini ya simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na huo mlango utafunguliwa usifike popote.

Weka Tailscale kwenye NAS na kwenye simu ya dada yako. Inaunganisha vifaa hivyo kwa njia iliyofungwa, bila mlango wowote kuachwa wazi, na kwa matumizi ya familia ni ya bure. Hapa sasa bando litaliwa, la kwako na la kwake. Kabla ya yote pima kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Ukipata chini ya megabiti 10, video za DVD zikiwa kama zilivyo zinaweza kumkwama, na kwa ajili yake peke yake unaweza kutengeneza nakala zilizobanwa. Lakini kama kuna jamaa anayesafiri kwenda Muscat mwezi huu, mpe diski.