Chupa ya jamu ikipungua usiijazie!

Dada, zima jiko kwanza. Hizo chupa mbili za mwisho za jamu ya embe zilizoishia nusu usizijazie maji ya moto, na usizifungue kesho eti uzimalizie kwa jamu ya sufuria mpya. Nimesoma swali lako la namna ya kuzijazia hizo chupa, tumbo likanisokota, maana hivyo hivyo ndivyo nilivyompoteza mteja wangu wa Moshi.

Nilikuwa na oda ya hoteli ndogo ya kule. Chupa kadhaa zikatoka pungufu, nikaona aibu kuzipeleka. Mwalimu wa semina, niliyemlipa ada yangu halali, alikuwa ametuambia bila hata kupepesa macho: "Fungueni, jazieni, mbane tena. Sukari yenyewe ni dawa." Basi kesho yake nikafungua chupa ambazo mifuniko ilishanyonywa ikabonyea vizuri kabisa, nikaongeza jamu ya vuguvugu ambayo hata haijaiva sawasawa, nikarudishia mifuniko ile ile. Kuzichemsha tena chupa zikiwa zimefungwa, ndani ya sufuria ya maji? Wala. Nikazifuta zikang'aa, nikajisifu.

Haukupita muda simu ikaita. Mifuniko imevimba, ukifungua linatoka povu. Mpishi akaniuliza kama siku hizi napika mbege ya embe. Nilicheka, ningefanyaje? Lakini kilichoniumiza ni kwamba sikuwa nimeziwekea alama nilizojazia. Nzima na mbovu ziko boksi moja, na chupa unayoitilia shaka huipimi kwa kuionja. Zikamwagwa zote. Pesa nikarudisha, oda ya mwezi uliofuata ikaenda kwa mwingine. Mwalimu nilipompigia akasema huenda tatizo ni maembe. Maembe! Ada alikula, chai ya saa nne tukamnunulia na sambusa juu, halafu kesi apewe embe.

Sukari huilinda jamu ikiwa nyingi na jamu imeiva. Ukiongeza maji au jamu nyepesi unaizimua, hamira za hewani zinapata pa kuanzia. Na mfuniko ukiuchomoa, hewa imeshaingia. Mpira wake ulishajikandamiza kufuata mdomo wa chupa, mara ya pili haukai vilevile.

Kuifunga na kuichemsha chupa hivyo hivyo ikiwa nusu nako hapana. Jamu inatakiwa ibakize nafasi ya kama milimita 6 tu kutoka mdomoni. Wakati wa kuchemsha hewa hiyo ndogo hutoka, chupa ikipoa mfuniko unavutwa chini. Chupa ikiwa nusu hewa ni nyingi, muda wa kuchemsha hautoshi kuitoa yote. Mfuniko unaweza usishike, na hata ukishika, jamu ya juu inageuka rangi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nyumbani kwangu hata watoto wanaijua: CHUPA PUNGUFU HAIINGII KWENYE SUFURIA. Inaenda friji, inaliwa ya kwanza. Huna friji, kuna mkate na kuna majirani. Ukitaka kuokoa kitu, unganisha zote mbili sasa hivi: rudisha jamu jikoni ichemke, jaza chupa moja safi ya moto hadi pale panapotakiwa, mfuniko mpya, kisha ichemshe muda wote kama inaanza upya. Siku nyingine weka pembeni vichupa vidogo viwili vitatu vilivyochemshwa; mabaki ya sufuria yanaingia humo na kinajaa.

Na huo muda wa kuchemsha chupa usiuchukue kwenye video za watu wa pwani au Ulaya. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Jamu wanayosema dakika 5, wewe weka 10. Moshi nao vilevile, japo wako chini yetu. Hili nalo semina haikulitaja, walikuwa bize na kupiga picha za vyeti.

  Mimi nataka kujua jambo moja: umeshazifungua au bado? Kama ulizijazia leo, saa ngapi? Ndani ya saa 24 bado unaweza kuichemsha jamu upya na kubadilisha mifuniko. Zikipitisha hapo usizirudishe jikoni, na hata kama huamini, zichore alama ya kalamu usiku huu huu kabla hazijachanganyika na nyingine.