Miti 1,100, watu 6: nigawe vipi kazi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni msimamizi wa kikosi cha miti manispaa moja ya pwani hapa Tanzania, tuko 6, chensoo 2 na lori moja tunalogombania na watu wa taka. Nimehesabu miti 1,100, kati yake 260 ni miarobaini na miembe mikubwa ya zamani. Masika iliyopita tawi liliangukia kibanda cha chipsi, bahati kilikuwa kimefungwa. Bosi anataka nigawe vikosi 2 vya watu 3 tumalize yote ndani ya mwaka. Inawezekana kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haiwezekani, na nakuomba usikubali. Mti mkubwa unataka mtu juu, mwingine anayejua kupanda abaki chini na kamba yake tayari mwenzie akikwama, wa kushusha matawi kwa kamba, wa chensoo chini, wa kuvuta matawi, na wa kusimamisha bodaboda barabarani. Hao 6 wameisha. Ukigawa, wa kwanza kuondolewa ni yule wa barabarani, nimeyaona haya.

Mpelekee bosi hesabu ya siku, sio ya miti. Mti mkubwa mpe siku nzima, midogo 10 kwa siku. Ukifanya mzunguko wa miaka 3, kila mwaka ni kama siku 87 za mikubwa na 28 za midogo, jumla 115, zinazobaki ni za dharura, maana dharura zitakuja tu. Halafu kuna likizo: siku 28 kila mtu ni haki yake kisheria, watu 6 wakipishana ni zaidi ya miezi 5 mko 5 tu, siku hizo fanyeni midogo. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuomba kitu omba mtu wa 7 aliyefundishwa, sio chensoo ya tatu.

Likizo zisiguse Januari mpaka Mei. Januari na Februari pita na ile mibovu kabla ya masika, angalia kwenye panda, pale matawi yanapoachana, kama pana ufa, angalia uyoga shinani, huo mti usisubiri zamu yake hata kama mtaa wake ni wa mwakani.

Na iliyo chini ya nyaya ipange kwa laini ya umeme, sio kwa mtaa, TANESCO wakikata laini moja mnamaliza miti yake yote siku zilezile. Barua yao iandike mapema, na umeme usipokatwa siku hiyo hapandi mtu, hamieni kwenye midogo.