Kabla ya kuvua nguo, uliza upepo

Safari yangu ya kwanza kwenye ufukwe wa watu wanaokaa uchi, niliimaliza nikiwa nimevaa sweta na soksi. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili, pwani ya Atlantiki ya Ufaransa, kwenye kambi niliyoipenda kwa picha tu: mchanga mweupe, misonobari, watu wamejilaza juani kama samaki walioanikwa. Picha zilikuwa za Julai. Nilichokikuta ni bwawa la kuogelea lililofunikwa turubai, mgahawa uliofungwa, na upepo uliorusha mchanga hadi ndani ya chai. Kwa siku sita nilikaa uchi labda saa tatu, na nyingi kati ya hizo nilikuwa bafuni.

Nimerudi majira ya machipuko, kabla ya joto la kiangazi, mara kadhaa tangu hapo, sehemu tofauti, na siku hizi siulizi kama ufukwe ni mzuri. Nauliza upepo unatokea upande gani na kuna nini cha kuuzuia. Aliyevaa shati na suruali hana habari na kaupepo kadogo; aliye uchi hupata habari hiyo hadi kwenye ubavu. Jua la nyuzi 18 nyuma ya tuta la mchanga linatosha kabisa kulalia. Nyuzi 23 mahali peupe penye upepo, utaishia kujifunika taulo kichwani.

Chukua Cap d'Agde, kusini mwa Ufaransa, jina ambalo kila anayeanza hulitaja. Ni kijiji kizima chenye geti, maduka na nyumba za kupanga, na unaweza kwenda kununua mkate bila kitambaa mwilini. Lakini machipuko upepo uitwao tramontane hushuka kutoka kaskazini-magharibi ukavuma siku nzima, na bahari mwezi Aprili haizidi sana nyuzi 14. Kuna jambo lingine ambalo matangazo hulizungukazunguka: sehemu ya wageni wa kule hufuata starehe za usiku na kubadilishana wapenzi. Wengine huenda kwa ajili hiyo hiyo, ni hiari yao. Ukiwa na watoto, au ukitaka tu kusoma kitabu juani, bora ujue mapema. Kambi za mtindo wa familia kama ile ya Montalivet, iliyoanza 1950, zina hewa tofauti kabisa, ila nazo usiende kabla ya mwisho wa Mei. Sweta langu ni shahidi.

Kroatia inapendwa na wanaopenda utaratibu. Koversada, karibu na Vrsar, ilifunguliwa 1961, na Valalta iko jirani na Rovinj. Ni safi, kuna familia nyingi, na hakuna anayekukodolea macho. Kambi nyingi za Istria, rasi zilipo kambi hizo mbili, hufunguliwa kati ya Aprili na Mei, lakini kufunguliwa geti si kufunguliwa kila kitu: piga simu uulize bwawa la maji moto na mgahawa vitaanza lini hasa. Beba na viatu vya majini, kwa sababu sehemu kubwa ya ufuo ni miamba na majukwaa ya saruji.

Kwa Machi na Aprili, mimi jibu langu ni Visiwa vya Kanari, vile vya Hispania kwenye Atlantiki. Maji ya Maspalomas, kusini mwa Gran Canaria, huwa karibu nyuzi 19 wakati huo; si ya uvuguvugu, ila unaingia bila kupiga kelele. Upande wa kusini wa kisiwa umekingwa na milima dhidi ya pepo nyingi za kaskazini, na hiyo ndiyo sababu jua lake hukaa. Matuta ya mchanga ni hifadhi, kwa hiyo fuata njia zilizowekewa alama. Vichaka vya nyuma vina shughuli zake za kimapenzi. Ukibaki upande wa maji hutakutana nazo. Kule Lanzarote, kisiwa kingine cha Kanari, kuna Charco del Palo, kijiji kidogo cha mawe ya volkano ambako watu hutembea uchi barabarani. Hakuna ufukwe wa mchanga, ni ngazi na vidimbwi vya bahari. Upepo upo, tena mwingi, lakini nyumba zina nyua zenye kuta, na ukuta mmoja unaotazama kusini ni bora kuliko kilomita mbili za mchanga.

Ukitaka kuogelea kweli, Haulover kule Miami, ambako kukaa uchi kumeruhusiwa tangu 1991, kuna waokoaji na maji ya Aprili ya nyuzi 25 hivi. Ni ufukwe wa kutwa tu. Malazi utatafuta kwingine, na wikendi za likizo za wanafunzi hujaa sana. Na kama uko kusini mwa dunia, ambako machipuko ni Septemba hadi Novemba, Sandy Bay ya Cape Town ni nzuri kwa macho, ila maji yake ni barafu na upepo wa kusini-mashariki haujui huruma.

Sheria husomwa kabla ya kulipa. Kukaa uchi kwa "hiari" na kwa "lazima" ni vitu viwili: mahali pa hiari utakuta nusu wamevaa, na mgeni hujihisi anatazamwa zaidi kuliko pale ambapo wote wako sawa. Baadhi ya vijiji huomba kadi ya uanachama wa shirikisho la wanaturisti, yaani watu wanaopenda kukaa uchi, na baadhi huwawekea mipaka wanaume wanaokuja peke yao. Taulo la kukalia ni lazima karibu kila mahali, na simu ikielekezwa kwa watu utatolewa nje.

Haya usiiogope. Wanasema uso umeumbwa na haya, lakini nusu saa ikipita haya yenyewe husinzia. Ogopa jua. Ngozi ambayo haijawahi kuliona haisamehi, na ubaridi wa upepo hukuficha kwamba unaungua. Mimi nililala kifudifudi saa moja na nusu, kisha nikala chakula cha jioni nimesimama siku mbili.

Mwaka jana nilipiga simu kwenye nyumba moja ya wageni nikauliza baraza lao linatazama wapi. Mama wa mapokezi alicheka, akaweka simu chini, nikasikia nyayo zikienda na kurudi. "Kusini," akasema, "na paka amelala hapo sasa hivi." Nililipa siku hiyo hiyo.